Uzi: Rekodi za mbele ya watu mnazosikiza sasa – taarabu, udi, maulidi (Amu na Malindi)

Langoni_Amu

Assalaam aleikum. Uzi huu ni wa rekodi za mbele ya watu: harusi, maulidi, ukumbi, redio. Za studio zina mahali pake. Anayeweka kanda aseme ni ya nani, imenaswa kwa nini (mikrofoni moja, mixa au hewani), ni nakala ya ngapi, na kama imeguswa kwenye kompyuta. "Kali sana hii" peke yake haimfai mtu.

Nianze mimi. Niko na Zein l'Abdin, mwimbaji na mpiga udi, mwana wa Amu (Lamu), kanda ya harusini ya dakika 60, nakala ya pili, mikrofoni moja. Udi, dumbaki, na fidla moja kwa mbali. Raha yake ni mahali ilipowekwa mikrofoni: chini, usawa wa goti la mpiga udi, wala si mbele ya mdomo wake. Risha, kile kipande cha kupigia nyuzi, yasikika ikigusa nyuzi, na sauti ya mwimbaji imekaa nyuma kidogo. Wakati wa kutunza, watu wakipita mbele kutoa pesa, mwimbaji arudia msitari ule ule na udi wabadilisha mapambo kila mara. Studio haikupi hilo, kwa sababu studio hakuna wa kumtunza mtu.

Kasoro: upande A wakatika katikati ya wimbo, upande B waanza kwenye kiitikio, yaani kuna kipande kilichopotea kanda ikigeuzwa. Pia naiona yaenda juu kuliko inavyotakiwa.

FundiRedio_Barani

Juu kwa kiasi gani, na umejuaje? Usipime kwa udi. Mpiga udi hufunga nyuzi zake kufuata koo la mwimbaji usiku huo, na ukilinganisha na ile santuri ya Zein Musical Party iliyotolewa na GlobeStyle ya London 1990 hujathibitisha kitu. Huenda usiku ule alifunga juu kweli.

Tafuta mvumo wa umeme. Umeme wa Kenya ni Hz 50, na amplifaya ya harusini huvuma kwa Hz 50 na vizidisho vyake: 100, 150, 300. Ule mvumo umeingia kwenye mikrofoni siku ile ile, kwa hivyo ni saa iliyofungwa ndani ya kanda. Fungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua sekunde 20 ambazo hakuna anayepiga (kabla ya bashrafu, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, au mwimbaji akisubiri), chora spektra, yaani mchoro wa nguvu ya sauti kwa kila Hz, kwa ukubwa wa 65536. Usisome kwenye 50, maana huko tofauti ni ndogo mno kuonekana. Nenda kwenye 300. Ukikuta kilele kiko 309 badala ya 300, kanda yaenda mbio kwa asilimia 3, karibu nusu ya nusu-toni. Gawa 300 kwa 309 upate 0.971, kisha punguza kasi kwa asilimia 2.9. Punguza KASI, si "kimo cha sauti" peke yake. Ukipunguza kimo bila kasi, programu hukatakata sauti na kuiunga upya, na dumbaki hugeuka matope.

Tahadhari moja. Deki unayochezea nayo ina mvumo wake wa 50. Bonyeza kituo cha muda utepe usimame: mvumo unaobaki ni wa deki, si wa kanda.

Langoni_Amu

Nimeona vilele viwili karibu na 300: kimoja 300 kamili, cha pili kinatangatanga kati ya 301 na 308.

FundiRedio_Barani

Kile cha 300 kamili ni cha deki yako. Kinachotangatanga ni jenereta. Amu ilikaa miaka mingi na umeme wa dizeli wa peke yake kabla ya kuungwa na gridi, na harusi nyingi zilikuwa na jenereta yao uani. Jenereta haishiki 50: taa zikiwashwa yashuka, zikizimwa yapanda. Kwa kanda kama hiyo mvumo si shahidi tena, tafuta ala isiyofungwa nyuzi.

Mwana_wa_Shela_Malindi

Kodiani! Ndimi za kodiani ni za chuma, hazifungwi wala hazilegei usiku mmoja. Ikiwa kwenye kanda kuna kodiani au kinanda, chukua noti moja ndefu, pima, umemaliza kazi. Kanda za zamani zikiwa na kodiani iliyotoka kiwandani mara nyingi noti yake ya A iko Hz 440 au juu yake kidogo, 442 hivi.

Nami nasikiza Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, mzaliwa wa huku kwetu Malindi, aliyefariki 2014, Mungu amrehemu. Kanda yangu ni ya ukumbini, harmonia na tabla mbele, sauti yake yapanda kama zile za filamu za Kihindi alizozipenda. Harmonia nayo ni ya ndimi za chuma, kwa hivyo ni shahidi, lakini angalia: si kila harmonia kutoka India imefungwa 440. Itumie kujua kama kanda INABADILIKA toka mwanzo hadi mwisho, usiitumie kuapia 440.

Na kwenye hii ya Bhalo yabadilika. Wimbo wa kwanza uko sawa, wa mwisho wa upande A umepanda karibu nusu-toni.

FundiRedio_Barani

Mawe ya betri. Redio kaseti ya kurekodia ilikuwa ikiishiwa nguvu, mota ikapungua kasi kidogo kidogo, utepe ukapita polepole. Ukiuchezesha leo kwenye deki yenye mwendo wa kawaida (sentimita 4.76 kwa sekunde), kilichorekodiwa polepole chatoka mbio, kwa hivyo chapanda. Usirekebishe faili zima kwa namba moja. Pima noti ile ile ya harmonia kila baada ya dakika 5, andika, kisha tumia zana ya kasi inayoteleza toka namba ya mwanzo hadi ya mwisho. Hesabu ya kukumbuka: nusu-toni nzima ni asilimia 6.

Bi_Mkomani

Kabla hamjaenda mbali na spektra zenu, mumeshasawazisha kichwa cha deki? Kanda nyingi mnazosema "sauti imezama" hazijazama. Zilirekodiwa kwenye redio ambayo kichwa chake kimeinama kidogo, nanyi mnazichezea kwenye deki ambayo chake kimesimama wima. Pembe ikikosana hata kidogo tu, sauti za juu ndizo hufa kwanza: nai (filimbi ya mwanzi), vigelegele, upatu.

Kando ya kichwa cha kucheza kuna skrubu mbili. Moja ina springi au rangi ya kuziba juu yake, hiyo ndiyo. Tumia bisibisi ndogo isiyo na sumaku. Weka sauti kwenye mono, vaa hedifoni, geuza robo ya mzunguko kwenda na kurudi huku kanda ikicheza. Kuna mahali "s" ya mwimbaji hukata kama wembe, ukipita kidogo tu yaziba. Simama hapo. Rudia kwa KILA kanda na kila upande, kisha ukimaliza rudisha deki kwa kanda ya kiwandani unayoijua.

Hili halirekebishiki kwenye kompyuta baadaye. Mkifyonza kanda (kuiingiza kwenye kompyuta) na kichwa kimepinda, kisha mkajumlisha kulia na kushoto kuwa mono, zile sauti za juu zinafutana zenyewe kwa zenyewe na hazirudi.

Mwana_wa_Shela_Malindi

Ahsante bibi. Na Dolby je, ile ya kupunguza shhh ya kanda? Deki yangu ina B na C.

Bi_Mkomani

Izime. Redio kaseti za kawaida hazikurekodi kwa Dolby. Ukiiwasha juu ya kanda isiyo nayo, wakata sauti za juu bure. Iwashe tu ikiwa karatasi ya kanda imetiwa alama na mwenye kurekodi, na hata hivyo sikiza kwanza.

Kaskazi_Mpya

Wakubwa shikamooni. Mimi sina kanda, nina simu. Nimerekodi matwari (ngoma za mkono) ya maulidi hapa Amu na kila twari likipigwa kwa nguvu, sauti za waimbaji zinapotea kisha zinarudi polepole. Programu imeharibika?

Langoni_Amu

Marahaba. Haijaharibika, inafanya kazi iliyoundwa kuifanya: simu inajirekebisha sauti yenyewe. Twari linapopiga, simu huona kishindo, hushusha kila kitu, kisha hupandisha taratibu. Matokeo ni waimbaji wanaopumua ndani na nje na twari. Ikishaingia hivyo haitoki.

Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima urekebishaji huo, weka WAV (faili isiyobanwa), kiwango cha sauti ukiweke mwenyewe kwa mkono. Kabla ya kuanza, mwombe mtu apige twari kwa nguvu atakayotumia wakati wa kilele, si ya kujaribia. Kilele kisipite desibeli -10. Watu huongeza nguvu kadiri usiku unavyokwenda, na mashairi yanapofika wakati wa kusimama sauti zote hupanda kwa mara moja. Usipande na wewe. Faili yenye sauti ndogo yapandishwa baadaye, iliyopasuka haishoneki.

Mahali: msikiti wa Riyadha watu hukaa kwa safu zinazokabiliana. Usikae mwisho wa safu ya matwari. Kaa upande wa wasomaji, matwari yawe mbele yako mita 4 au 5, nai ikiwepo iwe karibu yako kuliko matwari. Nai ni pumzi, haishindani na ngozi.

Kusi_72

Na upepo. Amu baraza na uani upepo unaingia tu, uwe ni kusi au kaskazi. Sponji iliyokuja na kinasa haitoshi, inataka manyoya. Kichujio cha sauti nzito weka Hz 80, usipite 100, la sivyo wafuta na ngoma kubwa. Jiwekeeni na kitambaa chini ya kinasa kama kiko juu ya meza, maana meza nayo ni ngoma.

Kaskazi_Mpya

Shukran. Na kuna vugo la harusi wiki ijayo, dada yangu ataniingizia kinasa. Nikiweka hapa mtasikiza?

Bi_Mkomani

La. Hapa usiliweke.

Vugo, ile ngoma ya kupiga pembe, na kupamba ni mambo ya wanawake ndani ya nyumba zao. Waimba wakijua nani yupo na nani hayupo. Kuna mafumbo ya mtu na wifi yake mle, kuna majina, kuna sauti ya bibi harusi. Kinasa kikiingia kimya kimya, umewaalika wanaume wa mji mzima bila idhini. Dada akitaka kurekodi, aombe ruhusa kwa mwenye shughuli na kwa kiongozi wa waimbaji, mbele ya watu, kabla ya pembe ya kwanza kupigwa. Nakala ikae kwao. Wakisema itoke, yatoka. Wakisema isitoke, hakuna "niliikata ile sehemu".

Mwenye kupenda kujua pembe za vugo zinavyolia, awaombe wapige bila maneno mchana, warekodiwe hivyo. Pembe mbili, vijiti vya mti mgumu, kinasa kikiwa mita 2 kutoka hapo. Yatosha kabisa kwa sikio.

Langoni_Amu

Hilo liwe sharti la uzi. Tumefunga.

Mzee_wa_Hewani

Mie siku hizi usiku nimerudi kwa Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, na ni haki ya uzi huu, kwani wazee wa taarabu wa pwani nzima walikaa kwenye redio ya Cairo kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Zile ni rekodi za mbele ya watu zote. Nawashauri kitu kimoja: msisikize "wimbo", sikizeni usiku. Enta Omri aliimba mara nyingi tangu 1964, na kila usiku una urefu wake kwa sababu watazamaji wakidai msitari urudiwe, warudiwa. Ninayopendekeza kuanza ni ya ukumbi wa Olympia, Paris, Novemba 1967, wimbo Al-Atlal. Sikizeni watu wanavyolipuka mwisho wa msitari na okestra inavyosubiri.

Mtego: nakala nyingi zilizozagaa zimekatwa. Watu waliondoa marudio ili wimbo uingie upande mmoja wa santuri au wa kanda. Mtajuaje? Makofi. Makofi ya kweli huanza na watu wachache, yajaa, yafa bila mpango. Yaliyokatwa yanaanguka ghafla na fidla yaingia ikiwa tayari katikati ya pumzi.

FundiRedio_Barani

Na yako makofi ya kubandikwa. Kuna kanda za studio za taarabu zilizouzwa kama za harusini, wametia vigelegele juu. Weka alama kwenye kila kigelegele, tazama mawimbi: ukikuta umbo lile lile, sauti ile ile ya kike ya kushoto ikimaliza vile vile, kila dakika tatu, basi harusi hiyo haikuwa na bibi harusi.

Mwana_wa_Shela_Malindi

😂 Nimeangalia moja yangu sasa hivi. Ni hivyo hivyo.

Swali jingine. Ile shhh ya kanda: natia kichujio cha kusafisha kelele, yatoka safi lakini kama chini ya mayi.

Bi_Mkomani

Kwa sababu umeifuta nai na pumzi ya mwimbaji pamoja na shhh. Zinakaa sehemu moja ya sauti, juu ya Hz 5,000 huko, na programu haina dini, yafuta chochote kinachofanana. Mara nyingi watu huacha kichujio kipunguze desibeli 12 na zaidi. Ukishindwa kabisa kuvumilia, tumia 4 au 5, kipande kimoja tu cha mfano kilicho na shhh peke yake bila vyombo, kisha linganisha kwa sauti ile ile. Rekodi iliyosafishwa huwa na sauti ndogo kidogo, na sikio hudanganyika na kila kilicho kikubwa.

Kwangu, ya kuweka uzini iwe ya asili haijaguswa ila kasi na kukata mwanzo na mwisho. Shhh sikio huizoea kwa dakika mbili. Ile sauti ya majini haizoeleki.

Kusi_72

Napinga kidogo. Mvumo wa Hz 50 na 100 mimi natoa, kichujio chembamba, haudhuru mtu.

Bi_Mkomani

Toa kwenye nakala, si kwenye ya asili. Fundi ameeleza hapo juu mvumo ni saa. Ukiutoa, anayekuja baada yako hana cha kupimia.

Kusi_72

Sawa, nimekubali hapo.

Langoni_Amu

Namba za kufyonza, ili tusiulizane tena: bit 24, kHz 48 inatosha kwa kaseti. Dakika moja ya stereo ni kama MB 17, kanda ya dakika 90 ni karibu GB 1.6. Mwenye nafasi atumie 96, ni mara mbili yake. Kisha ibane kuwa FLAC, hupungua kama nusu bila kupoteza kitu. MP3 ni ya kusikiza njiani.

Na WhatsApp: tuma kama hati, isiwe kama ujumbe wa sauti. Kuna watu wanacheza kanda spikani na kurekodi ujumbe wa sauti karibu yake, halafu nakala ile ndiyo huzunguka mji mzima. Ni mono, imebanwa, na feni ya chumbani imo ndani.

Jina la faili: mwimbaji, mji, aina ya shughuli, upande, nakala ya ngapi, nani alisawazisha kichwa. Mwaka weka tu kama umeandikwa kwenye kanda au umetajwa ndani. Kukisia mwaka kunazaa mwaka.

Kaskazi_Mpya

Nimepewa sanduku la kanda za marehemu babu. Ziko na unga mweupe pembeni ya utepe, kwenye kidirisha. Nizicheze?

FundiRedio_Barani

Usizicheze hata moja! Hiyo ni kuvu. Ikipita kwenye deki, inabaki kwenye kichwa na gurudumu la mpira, na kila kanda itakayofuata inaambukizwa.

Anza kwa kuzikausha: bati la biskuti lenye kifuniko, zile chembe za kufyonza unyevu zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu (nyingi, si moja), wiki moja au mbili. Si juani, gamba hupinda na utepe hukwama. Kuvu ikishakuwa kavu, nenda nje, funga pua na mdomo, fungua gamba kama lina skrubu tano, pangusa kingo za utepe kwa pamba kavu, usitie mayi. Kama gamba limegandishwa bila skrubu, lazima ulipasue kwa kisu pembeni ya mshono na kuhamishia utepe kwenye gamba jingine la skrubu. Nunua kanda tupu rahisi kwa ajili hiyo. Na ukiwa ndani, angalia kile kisponji kidogo kilichogandishwa kwenye kibati cha shaba, kinachosukumia utepe kwenye kichwa. Kwa chumvi ya pwani gundi yake huachia, na kikianguka sauti yapanda na kushuka upande mmoja. Hamisha cha gamba jipya.

Baada ya kila kanda pangusa kichwa kwa spiriti ya asilimia 90 na zaidi, ile ya kusugulia mwili ina mayi mengi na mafuta. Gurudumu la mpira pangusa kwa kitambaa chenye mayi na sabuni kidogo tu, spiriti nyingi hukausha mpira ukapasuka.

Utepe ukikatika, unga kwa selotepu maalumu ya kanda, upande wa mgongo. Selotepu ya karatasi gundi yake hutoka baada ya miezi, inanata duru za jirani, na siku ukiirudisha kwa kasi yararua.

Kaskazi_Mpya

Nyingi zimeandikwa 90, tatu zimeandikwa 120.

FundiRedio_Barani

Zile za 120 utepe wake ni mwembamba mno, karibu nusu ya unene wa za 60. Usizikimbize mbele wala nyuma kwa deki. Zungusha kwa kalamu hadi zikaze, kisha zicheze mwendo wa kawaida toka mwanzo hadi mwisho mara moja tu, ukiwa tayari unafyonza. Huenda hakuna mara ya pili.

Langoni_Amu

Na kabla ya yote, vunja vile vijiplastiki viwili vya mgongoni mwa kanda, isije ikafutwa kwa bahati mbaya. Kisha tuandikie zilizoandikwa juu yake, kama zilivyo, hata maandishi yakiwa nusu.